Celica ST185 yenye injini ya Caldina: uzoefu wangu

Ukiegesha Toyota Celica GT-Four ST185 popote Nairobi, hukosi mzee wa kukusimulia Safari Rally ya 1994, Ian Duncan aliposhinda na gari kama hilo. Bodi ya langu ilikuwa nzima. Injini ndiyo iliyochoka: moshi wa buluu asubuhi na turbo inayopiga mluzi. Kuifungua na kuiunda upya kungenitoka pesa nyingi kuliko kuweka nyingine, nikaamua kulivisha gari 3S-GTE, injini ya turbo ya jina lilelile na ya zamani, ila ya kizazi cha nne, ile ya Toyota Caldina GT-T zilizotengenezwa kuanzia 1997 hadi 2002.

Injini ya kwanza tuliyoonyeshwa fundi aliikataa. Alimulika tochi kwenye eksozi, akapitisha ukucha, akaniita nione ufa mwembamba kama unywele. Kwenye Caldina manifoldi ya eksozi (paipu zinazokusanya moshi unaotoka kwenye injini) na nyumba ya turbo ni chuma kimoja, kwa hiyo kikipasuka unanunua vyote. Muuzaji alinuna. Tukaondoka.

Kuifunga yenyewe hakukuwa na mambo mengi. Gia boksi ya zamani inaikubali, nami nikaweka klachi mpya papo hapo.

Kazi iko kwenye waya. ST185 ina distribyuta na kile kipima hewa cha kizamani chenye kibao. Hii mpya ina koili juu ya kila plagi na inasoma presha tu. Fundi wa umeme alitandaza waya za magari yote mawili sakafuni, akazibandika vijikaratasi moja moja. Pia komputa ilitoka kwenye gari la otomatiki, basi taa ya injini ikawa haizimi, kwa kuwa komputa inatafuta gia boksi ya otomatiki ambayo haipo. Malipo yake yalikaribia nusu ya bei ya injini, na sijutii hata shilingi. Ukinunua, dai waya zote na komputa kutoka gari lilelile. Wakikuambia utazipata kwingine, tafuta muuzaji mwingine.

Toyota ilitaja farasi 225 kwa injini ya zamani na 260 kwa hii, lakini utamu wake ni jinsi turbo inavyoamka mapema. Ukipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru nyuma ya lori, zamani ulikanyaga ukasubiri. Sasa gia ya tatu inatosha, unapita.

Tahadhari moja ni mafuta. Injini hii iliundwa kwa petroli ya Japani ya okteni ya juu (okteni ni kipimo cha petroli kustahimili bila injini kugonga), na super yetu ya kawaida ni 93. Siku ya joto, mlimani, niliisikia ikigonga. Tangu hapo natia ya bei ghali na presha ya turbo sijaigusa, hata vijana wakinishawishi vipi.

Gereji nitaipa alama nzuri kwa ufundi, mbovu kwa ahadi za tarehe. Paipu ya oili ya turbo ilivuja nikairudisha, wakairekebisha bila malipo. Eyakondishena bado haina baridi ya maana.

Badilisha namba ya injini kwenye logbuku ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla hujaenda kwa watu wa bima. Na kama 3S-GTE yako ya zamani haili oili, iache hapo hapo, pesa uzipeleke kwenye breki na shokabzoba.