Tiketi ya msimu ya timu isiyojua inakokwenda: nyota mbili, na zote ni za kiti

Nimekuwa na tiketi ya msimu ya timu moja ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, kwa misimu minne. Viti viwili vya juu, kimoja changu na kimoja cha binti yangu, upande wa goli ambalo timu yetu hulishambulia kipindi cha kwanza na cha tatu. Jina la klabu naliacha. Anayeifuatilia ataijua kabla hajafika katikati, na asiyeifuatilia aweke ya kwake, maana ligi ina timu 32 na ugonjwa huu hauko kwetu tu.

Nianze na mazuri, hayachukui muda. Kiti ni kizuri. Kwenye runinga kamera inakimbiza kisahani, kile kinachopigwa kwa magongo badala ya mpira, na huoni kitu kingine. Ukikaa juu unawaona wote kumi wanaoteleza, unaona pasi inafunguka nusu sekunde kabla mchezaji mwenyewe hajaiona, na unaelewa kwa nini beki aliyeonekana mzembe kwenye marudio ya video alikuwa anaziba pengo la mwenzake. Programu ya tiketi haisumbui. Afisa wa mauzo anapokea simu na ana adabu, hata siku ambazo mimi sina. Kifurushi kinakulazimisha kulipia mechi za maandalizi kwa bei ileile ya mechi za ligi, halafu unatazama vijana ambao wiki mbili baadaye hawapo, lakini hilo nilishalizoea.

Tuje kwenye chenyewe.

Silalamikii kufungwa. Niliinunua tiketi hii nikijua tutafungwa. Meneja mkuu alisimama mbele yetu akasema timu inajengwa upya, tutaumia, tuwe na subira. Nikamwamini, nikalipia subira. Mzee anayekaa kiti cha jirani, ambaye ameiona klabu hii ikiwa bingwa na ikiwa mkiani, aliniambia usiku wa mechi ya kwanza: "Hawa ni wavumilivu mpaka mwezi wa saba." Sikumwelewa.

Tarehe 1 Julai soko la wachezaji huru linafunguka. Kiangazi kilichofuata, timu iliyokuwa imetuomba subira ilimsajili winga wa miaka 31 kwa mkataba wa miaka 7, wenye kifungu kinachomlinda asiuzwe wala kupelekwa ligi ya chini bila ridhaa yake. Usajili wa mbwembwe: picha na jezi, mkutano na waandishi, mabango. Msimu wa kwanza alicheza vizuri, sitamnyima haki yake. Wa pili miguu ikaanza kuchelewa. Wa tatu alikuwa mstari wa nne, yaani wa mwisho katika zamu za washambuliaji, akisugua benchi dakika za mwisho tunapotafuta bao la kusawazisha, yaani muda uleule aliosajiliwa kwa ajili yake.

Na hatoki. Kuna njia ya kuuvunja mkataba: klabu inamlipa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, na malipo yanatandazwa kwa mara mbili ya miaka iliyobaki. Imebaki minne, kwa hiyo minane. Atakuwa na miaka 42, pengine anawafundisha wanawe kuteleza, na jina lake bado limo kwenye hesabu zetu za kikomo cha mishahara, yaani jumla ambayo ligi haiiruhusu klabu kuivuka. Tena kama sehemu kubwa ya pesa ni bonasi za kusaini, hata hiyo nafuu inayeyuka, kwa sababu bonasi hazipunguzwi. Mtu aliyeketi akaandika mkataba huo alikuwa na mwanasheria na mtaalamu wa takwimu. Mimi nina kikokotoo cha simu, na nilishaona.

Kwa hiyo kila ninapopiga simu kuuliza kwa nini hatusajili beki, jibu ni kwamba hakuna nafasi chini ya kikomo. Kilikuwa dola milioni 88 msimu wa 2024-25, kikapanda hadi milioni 95.5 msimu uliofuata. Kikomo kilipanda kwa kila mtu. Sisi tulikuwa tumeshajifunga kamba wenyewe.

Sasa kijana. Tulimchagua kwenye raundi ya kwanza ya drafti, pale klabu zinapochagua vijana kwa zamu, senta mwenye mikono laini na macho nyuma ya kichwa. Alipofika miaka 19 akaanza msimu nasi. Wanaojua kanuni walikuwa wanahesabu: mchezaji wa umri huo akicheza mechi 10, mwaka wa kwanza wa mkataba wake wa mwanzo unaanza kuliwa, akirudishwa ligi ya vijana baada ya 9, mkataba unasogezwa mbele. Wakamrudisha baada ya 9. Hapo sina ugomvi, kanuni ipo na kila klabu inaitumia. Ugomvi wangu ni zile tisa zenyewe. Alipangwa na mawinga wawili ambao kazi yao ni kugonga watu ukutani, akapewa dakika chache kila usiku, hakuguswa kwenye kikosi cha kushambulia mpinzani anapokuwa na mtu kwenye kibanda cha adhabu. Nafasi yake huko ilikuwa ya nani? Ya winga wetu wa miaka 7. Lazima acheze, analipwa sana. Hivyo tukamtazama kijana mara tisa bila kumwona.

La kipa ndilo lililoniuma zaidi, na pengine ni dogo kuliko yote. Tulikuwa na kipa wa pili, kijana mtulivu, ambaye kila kipa wa kwanza alipochoka aliingia na kutuokoa. Mwanzoni mwa msimu uongozi ukaleta kipa mkongwe "mwenye uzoefu," na ili nafasi ipatikane wakajaribu kumshusha yule kijana ligi ya chini. Lakini mchezaji aliyefikia hatua yake hashushwi kimyakimya. Anapitishwa kwanza kwenye orodha ambako klabu nyingine zina saa 24 za kumchukua bila kutoa chochote. Walidhani hakuna atakayemtaka. Saa 24 zikapita, akawa amechukuliwa. Bure. Hata chaguo la raundi ya saba hatukupata.

Binti yangu alikuwa na jezi yenye jina lake. Aliniuliza wamemuuza kwa nani. Nikamwambia hawakumuuza. "Sasa wamemfanyaje?" Nilikaa kimya, maana kanuni ninaweza kuieleza, lakini sababu siwezi. Mwezi wa pili akarudi uwanjani kwetu na jezi ya wenzetu, akazuia kila kitu, kwa mguu, kwa kifua, kimoja kwa kofia ya chuma. Uwanja ulimshangilia. Mkongwe wetu aliruhusu la tatu kupita katikati ya miguu yake na mzee wa jirani akafunga kijitabu chake cha kuandikia matokeo, kipindi cha pili hakijaisha.

Hapo bado ungeweza kusema ni bahati mbaya. Ila siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, mwezi wa tatu, haikuwa bahati. Tulikuwa pointi chache nje ya nafasi za mtoano, na mbele yetu timu nne za kurukwa. Beki wetu bora mkataba wake ulikuwa unaisha. Klabu zinazowania kombe zingetoa machaguo ya drafti kwa ajili yake, ndivyo soko hilo linavyokwenda kila mwaka. Kulikuwa na njia mbili za heshima: muongeze mkataba, au muuze. Uongozi ukachagua ya tatu, ukakaa. Meneja akasema "tunakiamini chumba hiki." Tukashinda mbili, tukafa kiume tatu kwenye muda wa nyongeza tukiokota pointi mojamoja, kisha tukachezea vichapo vya kawaida. Julai beki akaondoka zake. Hatukupata hata asante.

Na sasa sikia tulikoishia. Timu 16 zinazokosa mtoano huingia kwenye bahati nasibu ya drafti, inayoamua nani achague kwanza. Zinapangwa kuanzia iliyofanya vibaya zaidi, lakini tangu 2022 mshindi hapandi zaidi ya nafasi 10. Maana yake ni kwamba 11 za chini ndizo zenye njia ya kufika kwenye chaguo la kwanza. Mwaka 2025 New York Islanders walitoka nafasi ya 10 wakapanda mpaka ya kwanza. Wao walikuwa ndani ya mpaka. Sisi tuliangukia kwenye zile tano zilizo nje ya mpaka huo. Namba yetu ingetoka, tusingechagua kwanza. Timu iliyofungwa mechi nyingi kiasi cha kukosa mtoano, na haikufungwa za kutosha kuruhusiwa kuota. Kama kuna mtu anaweza kufika hapo kwa makusudi, nitamvulia kofia.

Najua jibu la watu wa "vumilia." Wataniambia Edmonton walipata chaguo la kwanza mara nne, 2010, 2011, 2012 na 2015, na bado walikosa mtoano misimu kumi mfululizo mpaka 2016. Kweli. Kuanguka chini hakumjengi mtu. Wataniambia St. Louis walikuwa wa mwisho kwenye ligi nzima mwanzoni mwa Januari 2019 na Juni wakabeba kombe. Kweli pia, ingawa kila meneja aliye pabaya anaitumia hadithi hiyo kama hirizi, na anasahau kwamba miezi michache kabla klabu hiyo ilikuwa imemchukua Ryan O'Reilly, aliyemaliza akiwa mchezaji bora wa mtoano. Mimi huwakumbuka New York Rangers, Februari 2018. Waliwaandikia mashabiki barua hadharani wakasema wachezaji mnaowapenda wataondoka, jiandaeni. Na wakaondoka. Kombe hawakulibeba, lakini mwenye tiketi alijua amelipia nini. Barua kama ile sijawahi kuipata. Napata ujumbe wa kunitakia siku njema ya kuzaliwa, wenye picha ya winga.

Kocha? Katimuliwa, bila shaka. Wa pili katika misimu yangu minne. Kila anayekuja anakuta kikosi kilekile, anabadilisha mpangilio wa mistari, timu inaruka juu wiki tatu, inashuka, anatolewa kafara. Aliyesajili yuko palepale, kwenye chumba cha vioo juu yetu. Ukigeuka unamwona. Anatafuna kalamu.

Je, nakushauri ununue? Kama hoki ya barafuni ni mpya kwako na unataka kuona mchezo wenyewe kwa macho, ndiyo, nunua mechi moja moja, na chagua juu badala ya karibu na kioo. Chini utasikia magongo vizuri lakini hutaona umbo la mchezo. Kama unataka msimu mzima kwa sababu umeambiwa timu "iko njiani," omba wakuonyeshe njia hiyo kwa majina: nani anaondoka, lini, na nafasi yake anaichukua kijana gani kwa dakika ngapi. Nilimuuliza afisa wangu wa mauzo swali hilo wakati wa kuhuisha. Alicheka kwa huruma, akanipa kofia ya bure.

Nimechukua nusu msimu. Mzee wa jirani ameachia kiti chake, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, na tumekubaliana kugawana hivi viwili vyangu: yeye za katikati ya wiki, mimi na binti za Jumamosi. Tatizo ni mechi moja tu, ya usiku ambao yule kipa anarudi. Viti viwili, watu watatu, na hakuna anayekubali kubaki nyumbani. Binti ameandika majina yetu kwenye vikaratasi na kuviweka ndani ya ile kofia. Amesema kwenye bahati nasibu yake hata wa mwisho anaweza kuwa wa kwanza. Jezi hajaivua jina.