Ngiri ya Spigelius: ultrasaundi au CT?
Ngiri hii hujificha chini ya utando wa msuli wa nje wa tumbo, mara nyingi chini kidogo ya kitovu, pembeni. Mkono wa daktari huikosa kirahisi. Ultrasaundi ni nafuu, haina mionzi, na hospitali nyingi za wilaya Uganda zinayo. Ubora wake ni mwendo: mgonjwa asimame, akohoe, tundu la ukuta wa tumbo lionekane likipitisha utumbo. Tatizo ni ustadi wa mpimaji, na mafuta mengi huififisha picha.

CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) huonyesha wazi tundu na kilichomo, ila mgonjwa akilala chali ngiri yaweza kurudi ndani. Ajikaze, kama anayesukuma choo, wakati wa kupigwa picha.

Maumivu ya kuja na kuondoka? Anza na ultrasaundi. Kwa mnene, au aliyewahi kupasuliwa tumbo, nauli ya kwenda hospitali yenye CT ina maana. Anayetapika, au mwenye uvimbe mgumu usiorudi ndani, apelekwe kwa daktari wa upasuaji mara moja.