Sindano za jasho la kwapa: nimechomwa, nimekauka, na bado nina la kusema

Kwa wasio na subira, jibu ni hili: sindano za Botox za kukausha jasho la kwapa zinafanya kazi. Kwa Mombasa ya Februari na Machi, kaskazi ikiwa imepamba moto, ni pesa nisiyoijutia. Ila si kitu cha kukimbilia mwanzo, wala si cha kuchomwa mwezi wowote mradi mfuko umejaa. Ndiyo sababu nimeamua kuandika kwa urefu kidogo.

Kazi yangu ni kuuza leso Biashara Street. Mnaoyajua maduka yale mnajua leso hupangwa mpaka darini, na mteja wa kwetu hachagui moja akaondoka. Atakuteremshia nusu ya duka, asome jina, agune, kisha aoneshe kidole: "Hebu kaka, ile nyekundu pale juu." Mkono uko hewani kutwa. Kabla ya adhuhuri shati langu la buluu hafifu lilikuwa na duara mbili za maji zilizoteremka hadi mbavuni, na pindo zikiwa zimeota weupe wa chumvi. Nilikuwa nikiikunjua leso kwa mkono mmoja, wa pili nimeubana ubavuni, mpaka ami mwenye duka akaniuliza kama bega linauma.

Na halikuwa joto tu. Hata Julai, kusi ikivuma na watu wamevaa sweta asubuhi, kwapa zangu zililowa huku usoni nikiwa mkavu. Harufu haikuwa shida yangu, na hapo wengi huchanganya mambo. Jasho lenyewe kwa sehemu kubwa ni maji na chumvi. Harufu huletwa na bakteria wa kwenye ngozi. Ndiyo maana shabu, ile inayouzwa kwa mabonge Marikiti, humsaidia mwenye kikwapa lakini mimi haikunipunguzia maji. Ndimu nayo sina la kusema, ila kwamba inawasha vibaya mno kwapa iliyonyolewa.

Daktari wa ngozi niliyemwona, kliniki moja upande wa Nyali, hakuanza na sindano wala bei. Aliuliza lilianza lini. Ujanani. Nyumbani yuko mwingine? Baba. Je, usiku ukilala hutoka? La, usingizini nakauka kabisa. Hilo la usiku alilikazia. Jasho linalolowesha shuka, au lililozuka ghafla ukubwani, au linaloandamana na kukonda na homa, haliendi kwa sindano. Kwanza mtu apimwe kifua kikuu, kisukari, tezi ya shingo, na zitazamwe dawa anazotumia. Langu, la kwapa zote mbili, tangu ujana, lenye kukatika usiku, ni tezi zisizo na kasoro zinazoamrishwa kupita kiasi na neva. Kisha akanitaka nijipe alama, 1 mpaka 4: 1 ni jasho lisilokusumbua, 4 ni lisilovumilika na limeingilia maisha yako kila siku. Nikasema 3. Kuanzia 3 huhesabika kali.

Nilitoka pale na chupa ndogo tu, losheni ya alumini kloraidi ya asilimia 20. Driclor ni jina mojawapo linalojulikana. Naisifu kuliko wengi wanavyoisifu, kwa sababu wengi huipaka asubuhi baada ya kuoga kama manukato, halafu wakasema haifai. Hupakwa usiku wakati wa kulala, juu ya ngozi kavu kabisa, maana ndipo jasho limetulia na chumvi ile ya alumini inapata nafasi ya kuziba vinywa vya mifereji ya jasho. Asubuhi unaiosha. Kwapa ikiwa na unyevu, au imenyolewa karibuni, itakuchoma uruke. Sisi wenye desturi ya kunyoa kwa ajili ya Ijumaa lazima tupange: mimi hunyoa Alhamisi na siipaki tena mpaka Jumamosi usiku. Muwasho ukizidi, daktari hukupa krimu hafifu ya haidrokotisoni ya siku chache. Mwanzo hupakwa kila usiku, kisha ikishika unapunguza, hata mara moja kwa wiki.

Kwangu losheni ilitosha wakati wa kusi. Kaskazi ilipoingia ikashindwa, na mashati meupe yakaanza kuota madoa ya njano kwapani yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Hapo ndipo nikarudi kuzungumzia sindano.

Dawa yenyewe ni Botox, hiyo hiyo ya kunyoosha mikunjo ya uso, na Marekani iliruhusiwa kwa jasho kali la kwapa tangu mwaka 2004. Tezi ya jasho haijitumi. Hungoja kemikali iitwayo asetilikolini itoke kwenye ncha ya neva. Dawa huizuia ile kemikali isitoke, na tezi inabaki imekaa bila amri. Haiui tezi, wala hairudishi jasho mwilini, kama anavyoamini jirani yangu wa duka la pili. Tezi za jasho tunazo milioni kadhaa mwili mzima, na za kwapa ni chache mno, kwa hiyo kazi ya kupoza mwili inaendelea kwingineko.

Kilichonivutia zaidi ni kile kipimo cha kabla ya sindano. Muuguzi, mama mmoja mtaratibu, alinipaka aidini kwapa nzima, akaiacha ikauke, kisha akapuliza unga mwembamba wa wanga juu yake. Tukangoja. Pole pole unga mweupe ukaanza kuota nukta nyeusi, nukta zikakutana, mwisho likatokea baka la buluu iliyokoza, kubwa zaidi mbele kuliko nyuma. "Umejiona, mwanangu?" akaniambia. Kila palipokolea ndipo jasho linapotoka, na daktari akalizungushia kalamu. Bila kipimo hicho mtu anachoma kwa kukisia.

Kiasi cha kawaida cha dawa ni yuniti 50 kila kwapa, zikigawanywa sindano 10 hadi 15, zikiachana kama sentimita moja au mbili, na sindano haizami, inaishia ndani ya ngozi tu. Uchungu upo. Walinipaka krimu ya ganzi na kuniwekea barafu, na hata hivyo zile za katikati nilizisikia vizuri. Kazi nzima ni fupi kuliko foleni ya kusubiri. Siku hiyo niliambiwa nisisugue, nisifanye mazoezi, nisikae kwenye joto kali. Hilo la mwisho, kwa mkaazi wa Mombasa, ni mzaha.

Usitarajie kukauka ukiwa unavuka barabara kwenda kupanda matatu. Siku za mwanzo sikuona kitu, kisha ndani ya wiki ya pili nikagundua kwamba nimeacha kuubana mkono. Kulia pakakauka kabisa. Kushoto pakabaki kijipande karibu na mkono, na daktari alinionya mapema kwamba hutokea. Nilirudi, wakakiongezea. Hapo ndipo tulipokwaruzana: daktari alikuwa amesema marudio yamo ndani ya bei, wa kaunta akasema hayamo. Yamalizike mapema hayo, tena kwa maandishi. Uliza pia kama ada ya kumwona daktari imehesabiwa, maana kwangu haikuhesabiwa, na bima ya kazini haikugusa hata shilingi. Bei jumla ilizidi mshahara wangu wa mwezi.

La pili, omba uione chupa ikifunguliwa mbele yako na usome jina. Zipo dawa za jamii moja, mfano Dysport, ambazo yuniti zake si sawa na za Botox, kwa hiyo ukiambiwa yuniti nyingi kwa bei ndogo usidhani umepata bahati. Na jamani, saluni si mahali pa kuchomwa dawa hii.

Nimeulizwa kuhusu vidonge. Vipo, oksibutinini ni kimojawapo, lakini hukausha mwili mzima: mdomo, haja kubwa, na jasho la kupoza mwili pia. Kwa mtu anayefanya kazi kwenye joto letu hilo la mwisho ni hatari, na Ramadhani na mdomo uliokauka kwa dawa sitaki hata kufikiria. Upasuaji wa kukata neva kifuani daktari hakuupenda kwa kwapa, kwani wengi baadaye hutokwa na jasho zaidi mgongoni na tumboni, na hilo halirudishwi.

Sasa hesabu yangu. Sindano hudumu kama nusu mwaka, wengine chini ya hapo, wengine zaidi. Ukichomwa Juni umelipia kukauka wakati wa upepo mzuri, na joto likija dawa imeisha. Kwa hiyo mimi huchomwa mwishoni mwa Novemba, nivuke kaskazi yote mpaka masika, na kuanzia hapo losheni inanitosha. Mgongo bado unaloa, mtu asidhani atakuwa kama yuko kwenye baridi ya Limuru. Ila mashati meupe nimeanza tena kununua, na rafu za juu sizikwepi.

Dada yangu naye anazitaka, lakini ananyonyesha, na daktari kamwambia asubiri. Wajawazito ni vivyo hivyo, na wenye maradhi ya misuli kulegea wasizikaribie.