Tumelala siku mbili kwenye kibanda cha mchunga kondoo: je, hela yetu imekwenda kihalali?

Mnaona hiki kibanda cha bati nyuma yangu? Msicheke. Hapa ndipo tulipolala siku mbili, mimi na Baba Neema, pauni 120 kwa usiku, katikati ya malisho huku Dorset, kusini mwa Uingereza. Mama akiiona video hii atasema nimetoa hela kwenda kulala bandani.

Na asili yake ni banda kweli. Zamani kibanda kama hiki kilikokotwa na farasi hadi malishoni msimu kondoo wanapozaa, mchungaji akalala humo awe karibu nao usiku. Ndiyo maana kina magurudumu ya chuma. Siku hizi ni vitu vya wenye nazo: David Cameron, waziri mkuu mstaafu, mwaka 2017 alinunua kimoja kwa pauni 25,000 apate pa kuandikia kitabu chake.

Twende ndani. Hatua saba, nyumba imeisha. Ila aliyekipanga ana akili! Chini ya kitanda droo, meza inakunjwa ukutani, jiko la gesi la plate mbili, friji ndogo, sinki. Bafu lina maji ya moto ya uhakika, lakini Baba Neema ni mrefu. Akijipaka sabuni kiwiko kinagonga ukuta. Nilimsikia.

Sasa hili jiko la kuni, hapa nisikilizeni vizuri. Usiku wa kwanza tulijaza kuni kama tunapika ubwabwa wa harusi. Saa nne tunatoka jasho kama tuko Tanga mwezi wa pili; saa kumi alfajiri moto umezimika, pua barafu. Usiku wa pili tukajifunza: vipande viwili tu, vikikaribia kuisha unaongeza kimoja. Na tundu la hewa msilizibe hata baridi iwe vipi. Moto ukikosa hewa unatoa gesi ya kaboni monoksidi; haina harufu wala rangi, inaua mtu usingizini. Hapa king'ora chake kipo ukutani. Mkienda kwingine, kitafuteni kabla hamjawasha kiberiti.

Kilichoniudhi? Gari linaachwa kule barabarani, mabegi mnayakokota kwenye tope dakika kumi nzima, na tangazo halikusema. Njooni na mabuti.

Nitarudi? Mwezi wa tano, ndiyo. Lakini mje mkiwa mmepatana. Mkigombana humu, hakuna pa kwenda kununia.