Mashine ya boti ya zamani, petroli na oili: uzoefu wangu na fundi wa Moshi

Ukiwa na mashine ya boti halafu unaishi Moshi, kazi kubwa ni kumpata mtu wa kuifungua. Bahari iko mbali, na mafundi tulionao mjini wengi ni wa bodaboda na pawatila. Mimi boti yangu inabeba watu na mizigo Bwawa la Nyumba ya Mungu. Mashine ni ya Kijapani, nguvu za farasi 40, tu-stroki ya zamani (aina inayounguza oili pamoja na petroli) yenye kidumu chake cha oili kinachochanganya chenyewe. Ninachokielezea hapa ni huduma ya fundi mmoja wa Majengo, na seti ya kukarabati pampu ya petroli niliyoagiza Mwanza ikaja kwa basi.

Ugonjwa ulikuwa hivi: inawaka vizuri, silensa (mngurumo wa taratibu kabla hujaifungulia) inakaa, ila ukiifungulia ikianza kushika kasi inakohoa na kuzima. Iache ipumzike, inawaka tena kana kwamba si yenyewe. Juu ya hapo alamu ya oili ilikuwa inalia hata kidumu kikiwa kimejaa.

Fundi aliyemtangulia alisafisha kabureta, akalipwa, mashine ikabaki vilevile. Huyu wa Majengo kabureta hakuigusa kabisa. Alitaka kwanza twende naye majini, na hapo ndipo aliponipata, maana mashine ikiwa imefungwa kwenye pipa la maji haina mzigo, na bila mzigo uhaba wa petroli unajificha. Tulipofika kwenye kina, mashine ikaanza kukohoa. Akasema, "Bosi, minya puto." Nikaminya ile pampu ya mkono kwenye mpira wa petroli, ikafufuka. Nikiacha, inazima.

Maelezo yake nimeyashika mpaka leo. Puto likibonyea na kubaki limebonyea, angalia tundu la hewa kwenye mfuniko wa tanki au uchafu kwenye mpira wa kuvutia ndani ya tanki. Puto likiwa gumu na mashine bado inazima, kizuizi kiko mbele, huenda ni jeti za kabureta, yaani vitundu vyake vya kupitisha petroli. Kuminya kukiiokoa mashine, ama pampu haivuti, ama kuna mahali hewa inaingia. Akaunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani karibu na mashine. Hatukuona mapovu, kwa hiyo lawama ikaiangukia pampu.

Pampu yenyewe haina waya wala mkanda. Inasukumwa na msukumo wa hewa unaotoka kwenye kirankesi, yaani chumba kilicho chini ya pistoni, pistoni zikipanda na kushuka. Tulipoifungua, diaframu, ule utando mwembamba unaopiga petroli, ilikuwa imekakamaa na ina ufa mwembamba kama unywele. Ufa huo unaidhoofisha pampu, na pia unaweza kupitisha petroli mbichi kwenye silinda. Ndiyo maana plagi moja ilikuwa imelowa na nyeusi huku nyingine zikiwa na rangi ya kahawia nzuri.

Seti niliyoagiza ina diaframu na gasketi zake, na vyote vimekaa sawasawa bila kukatakata. Haikufika laki moja. Puto jipya nililoletewa kwenye mzigo huohuo sikulipenda: vali yake inarudisha petroli nyuma, nimelirudisha la zamani.

Upande wa oili, chujio chini ya kidumu lilikuwa limezibwa na utelezi mzito, matokeo ya miaka ya kuchanganya oili za kila namna. Alilisafisha, akatoa hewa kwenye bomba la oili, kisha akakataa kuiamini pampu hiyo kwa maneno matupu. Alinichanganyia oili kwenye petroli ya tanki, mililita 400 kwa lita 20, yaani 50 kwa 1, akabandika utepe kwenye kidumu kuona kama oili inashuka. Moshi ulikuwa mwingi kweli, lakini pistoni kukwama ni gharama nyingine. Oili iliposhuka na alamu ikanyamaza, tukarudi kwenye petroli tupu. Wenzangu bwawani wengi wameng'oa pampu ya oili na wanachanganya kwa mkono. Mimi nimeiacha, mradi utepe uko pale niuone.

Aliniambia pia nisitumie tena oili ya tu-stroki ya pikipiki. Mashine ya boti inapozwa kwa maji, inataka oili yenye alama ya TC-W3 kwenye chupa. Moshi inapatikana kwa shida, afadhali kuiagiza pamoja na spea.

Malalamiko ninayo. Ahadi ya Jumamosi ilifika Jumatano, na hana geji ya kupima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), kwa hiyo hali ya pistoni alinieleza kwa kusikiliza tu. Hata hivyo nitamwita tena. Anayemtaka ajiandae kumlipia nauli ya kwenda na kurudi bwawani, na perege wa kukaanga pia, na yule bwana sahani moja haimtoshi.