Boksi la slaidi za mitosisi linalouzwa Moshi: slaidi safi, maelekezo yana makosa

Boksi lina slaidi tano tayari za ncha ya mzizi wa kitunguu za kuonyesha mitosisi (seli moja kugawanyika kuwa mbili zinazofanana), vioo vitupu na vifuniko vyake, asidi hidrokloriki ya 1 M, rangi ya aseto-orseini na karatasi ya maelekezo.

Slaidi tayari zinastahili pesa yako. Anza na ukuzaji wa mara 100, tafuta sehemu iliyo nyuma kidogo ya kofia ya mzizi, ambako seli ni ndogo na zimebanana, kisha panda hadi mara 400. Seli nyingi ziko interfezi, yaani kipindi kati ya mgawanyiko mmoja na mwingine. Katika hatua za mgawanyiko, anafezi ndiyo inayopendeza zaidi: makundi mawili ya kromosomu (nyuzi zinazobeba DNA) yanaachana, kila kromosomu imekunjika kama V, mikono yake ikibaki nyuma. Ila usimwambie mwanafunzi ahesabu kromosomu 16 za seli ya kitunguu hapo. Mzizi umekatwa vipande vyembamba, na kromosomu nyingine zimekatika au zimelaliana.

Kuhesabu kunataka seli zilizobonyezwa, na hapa ndipo karatasi inapoharibu kazi. Inasema ukate sentimita 1 ya mzizi. Ukifuata hivyo utaona seli ndefu zilizokwisha kuacha kugawanyika. Chukua milimita 2 za mwisho tu. Joto nalo halikutajwa kabisa. Asidi iwe nyuzi 60 za Selsiasi, mzizi ukae humo kama dakika 5, pektini inayogundisha seli ilegee. Ukiruka hapo, seli zinabaki tabaka juu ya tabaka. Ukizidisha, ncha inavurugika ukiishika tu. Suuza kwa maji, tia rangi, funika, kisha bonyeza kwa kidole gumba wima. Kifuniko kikiteleza, seli zinachanika. Vaa glavu na miwani.

Kitunguu cha Mang'ola kinafaa. Kwangua mizizi mikavu ya zamani, kitako kiguse maji, badilisha maji kila siku. Mizizi hutoka ndani ya siku chache. Juni na Julai, baridi ya Moshi hupunguza kasi ya seli kugawanyika, kwa hiyo weka ndani penye joto.

Karatasi hiyo inaiita interfezi "hatua ya kupumzika". Hilo ni kosa la kumkosesha mtoto alama. Interfezi ina sehemu tatu: katika G1 seli inakua, katika S inarudufisha DNA, katika G2 inaendelea kukua na kujiandaa kugawanyika. Halafu mchoro wa mwisho unaonyesha seli ikijibana kiunoni. Hiyo ni ya mnyama. Seli ya kitunguu ina ukuta mgumu, kwa hiyo bamba la seli (mwanzo wa ukuta mpya kati ya seli mbili) huanzia katikati na kukua kuelekea kingo.

Chuja rangi kwa karatasi ya kuchujia kabla ya kuitumia. Orseini iliyokaa huganda punje nyeusi, na wanafunzi huzihesabu kama kromosomu.