Resini ya meno niliyowekewa Arusha, na mswaki umeifanyaje
Sisi tuliokulia huku maji yenye madini mengi ya floraidi yametuachia meno ya kahawia toka utotoni, WHO wanataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita na vyanzo vingi vya huku vinapita hapo, basi nikaenda kliniki moja hapa mjini wakanifunika meno ya mbele kwa resini, plastiki ya rangi ya jino, ile wanapaka tabaka kwa tabaka halafu wanamulika na taa ya bluu inakauka hapo hapo. Kazi safi jamani, rangi imekubali.

Sasa kwenye mswaki. Resini ina plastiki laini na chembe ngumu za kioo ndani yake, ukipiga mswaki ile plastiki ndo inalika kwanza, chembe zinabaki zimejitokeza halafu zinang'oka, jino linapoteza mng'ao na madoa ya chai yanapata pa kushika. Zenye chembe ndogo sana, wanaita nano, zinatunza mng'ao kuliko za chembe kubwa, kwa hiyo ulizeni kabla hamjalipa. Yangu ni nano na bado inang'aa, karibu na fizi tu ukipitisha ulimi unasikia inakwaruza kidogo, daktari kasema wakiipolishi inarudi.

Halafu kinachokwangua zaidi ni dawa ya meno kuliko mswaki wenyewe, zile za mkaa na za kung'arisha achaneni nazo kabisa, mswaki uwe laini na usikandamize. Nyota nne, ya tano wameikosa kwa sababu habari ya dawa ya meno hawakunieleza mpaka nilipouliza.